Mgonga Mlango

Siku ya kwanza ya kukosekana kwa Zulaini, jina lake liliitikiwa.

Ilikuwa Jumapili, mwanzo wa juma la shule katika jimbo letu la Kelantan, na Mwalimu Parameswari alikuwa akiita majina ya kidato cha nne huku akijipepea kwa kipande cha boksi. Alipofika kwa Nik Zulaini, Tarmizi alijibu kutoka nyuma kwa sauti nyembamba ya kike, "Nipo, Mwaliiimu!" Darasa likaangua kicheko. Hata Mwalimu alicheka, maana sauti ilikuwa ya Zulaini kabisa, na mzaha wenyewe ulikuwa wake. Ndiye aliyetuanzishia mtindo wa kuitikiana majina. Sote tulijua kwamba amelazwa tangu Alhamisi jioni kwa homa ya dengi. Mimi nilijua zaidi ya wenzangu, kwa kuwa alikuwa binti wa Mak Su, mama yangu mdogo, na nyumba zetu zilitenganishwa na kamba ya kuanikia nguo tu. Alfajiri ile mama aliniambia homa imeshuka. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na keropok, vile vipande vikavu vya samaki vya kukaanga alivyovipenda, nimpelekee hospitali baada ya masomo.

Kicheko hakijaisha, karani wa shule akasimama mlangoni. Hakuingia. Alimtazama Mwalimu, kisha akanitafuta mimi kwa macho, na kabla hajasema neno nilianza kukusanya vitabu vyangu.

Baadaye tulielezwa kwamba katika dengi, homa ikishuka ndipo hatari inapoanza. Hatukuwa tunalijua hilo. Tulimzika siku ileile, kabla ya alasiri. Tangu hapo Tarmizi hakuitikia tena jina la mtu mwingine.

Wakati huo tulikuwa katikati ya tamthilia.

Mwalimu Parameswari alitoka Taiping, upande wa pili wa milima, akapangiwa kufundisha Kiingereza katika shule yetu ya kando ya mto, na mpaka mwaka wake wa pili alikuwa bado anatuomba turudie lahaja yetu polepole. Nasi tulimwomba arudie Kiingereza chake polepole, kwa hiyo hakuna aliyemdharau mwenzake. Tamthilia ilikuwa fupi, kurasa chache katikati ya kitabu cha fasihi. Nyumba iko peke yake juu ya kilima katika nchi ya baridi. Ndani yumo mama na binti yake, nje kuna dhoruba. Redio inatangaza kwamba mfungwa hatari ametoroka na anaelekea upande wao. Kaka wa yule binti, aliyeondoka nyumbani kwa hasira zamani, naye ametuma salamu kwamba huenda akarudi siku zile. Kisha mlango unagongwa. Mama anasema usifungue. Binti anasema ni kaka yangu. Mlango unagongwa tena, taa inazimika, wanabishana gizani. Mwishoni binti anafungua, na pazia linaanguka kabla hatujaona nani yuko nje.

"Sasa ni nani?" Tarmizi aliuliza, akifunua ukurasa uliofuata kana kwamba jibu limejificha huko. Ulikuwa ukurasa wa maswali ya mtihani.

"Hatujui," Mwalimu alisema.

"Mwandishi je?"

"Labda hata yeye hajui."

"Basi huyu katuchezea, Mwalimu! Nimehangaika na kamusi mpaka macho yameniuma, kumbe mwenyewe hajui?"

Mwalimu aliandika ubaoni neno la Kiingereza lenye maana ya taharuki, akatuambia kwamba tutalielewa tukiigiza, si tukilikariri. Tungeicheza tamthilia ile mbele ya shule nzima, katika Wiki ya Kiingereza. Kila msichana alitaka kuwa Mama au Binti, kwa sababu hao ndio wanaoonekana jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho. Rokiah, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akapewa Mama. Mimi nikapewa Binti. Zulaini aliinua mkono mwisho kabisa, kama mtu aliyekwisha kuchagua siku nyingi.

"Mimi nataka huyo wa nje."

"Huyo haonekani," Mwalimu alimwambia. "Anagonga mlango, na ana sentensi moja tu ya kuomba afunguliwe."

"Ndiyo raha yake, Mwalimu. Hawa watahangaika na poda na nguo. Mimi nitakula karanga nyuma ya mlango, na bado wote mtaningoja mimi."

"Na sura hiyo," Tarmizi alisema, "nyuma ya mlango ndiko kunakokufaa."

"Wewe subiri. Nitagonga mpaka ujikojolee."

Zoezi la kwanza tulilifanya kwa kutumia mlango wa kabati la chuma la vitabu. Zulaini akajibanza nyuma yake. Rokiah alipunguza sauti ya redio isiyokuwapo. Mimi nilisogea dirishani nikaitazama mvua isiyokuwapo. Kimya kikashuka, kile kimya cha darasa ambacho walimu huota kukipata. Ilikuwa zamu ya mlango kugongwa. Kutoka nyuma ya kabati ikasikika sauti ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri:

"Assalamu alaikum!"

"Waalaikum salaam!" darasa zima likaitikia kwa pamoja, na mimi na Rokiah, mama na binti wa Ulaya tulioshikwa na hofu, tukiwa wa kwanza.

Mwalimu alikaa juu ya dawati akacheka mpaka akavua miwani. Zulaini alitokeza kichwa, uso umemwiva kwa aibu.

"Sikukusudia, Mwalimu. Imenitoka tu. Nitaendaje kwa watu nikaanza kupiga mlango wao kama ngoma? Mama angenitia makofi."

"Na usipojibiwa?"

"Natoa ya pili. Ya tatu. Wasipojibu naondoka zangu."

Mwalimu aliacha kucheka. Alitutazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Ndiyo maana tamthilia hii haiwatishi," alisema. "Kwenu mtu anakuwa na jina kabla mlango haujafunguliwa. Mnaijua sauti yake, mnamjua hata mama yake. Katika nyumba hii hakuna salamu. Kuna mkono tu juu ya ubao, na mkono hauna jina. Hebu tujaribu tena. Zulaini, safari hii usitoe sauti. Toa mkono tu."

Zulaini akatoa mkono. Chuma kikalia mara moja, na mimi, niliyejua fika kwamba nyuma ya kabati yupo binamu yangu mwenye karanga mfukoni, nilihisi nywele za shingo zikisimama. Nikalielewa lile neno la ubaoni.

Kuanzia hapo nyumba ya Mak Su haikuwa na amani. Zulaini aligonga kuta, meza, ndoo, kichwa cha mdogo wake Amalin. Alikuwa na ugongaji wa polisi, wa mkunga, wa bwana harusi aliyechelewa. Tulikuwa tukianua nguo kambani, namsikia Mak Su akifoka jikoni, "Zulaini! Ukiutoboa ukuta huo utahamia bandani na kuku!" Siku moja Zulaini alinijia akiwa ametulia isivyo kawaida yake.

"Nimeupata, Nida," aliniambia. "Kumbe tulikuwa tunakosea. Mtu mwenye shida hagongi kwa nguvu. Anagonga kama anaomba radhi." Akagonga nguzo ya kamba kwa kifundo cha kidole, pole sana, akanyamaza, akagonga tena. "Umesikia? Hapo hujui umwonee huruma au umkimbie."

Alipata kuifanya hivyo darasani mara moja tu. Wiki iliyofuata aliugua.

Mwalimu Parameswari alikuja msibani alasiri ya siku ya tatu. Kisomo cha mchana kilikuwa kimekwisha, wanaume wamekwenda msikitini, na sisi wanawake tulikuwa tukikusanya masinia ya wali sebuleni na kuyaosha jikoni. Mlango ulikuwa umerudishiwa ili kuku wasiingie. Baadaye Mwalimu alinieleza alivyosita chini ya ngazi, maana nyumba zetu husimama juu ya nguzo. Salamu yetu aliona si yake kuitoa, kwa kuwa si Mwislamu. Kumwita mfiwa kwa jina aliona ni kukosa adabu. Basi akapanda ngazi, akafanya kama wanavyofanya watu wa kwao mjini: akagonga ubao wa mlango, polepole, kwa woga. Akanyamaza. Akagonga tena.

Kwetu hakuna anayegonga.

Sinia lilimtoka Mak Su mikononi likalia sakafuni. Aliivuka sebule kwa hatua ambazo sikuwahi kuziona kwake, akijikwaa katika pindo la sarong yake, ile shuka ya kiunoni, akauvuta mlango hadi ukutani.

Mwalimu alikuwa amesimama pale na mfuko wa machungwa.

Walitazamana. Mwalimu hakujua amefanya nini, lakini aliona katika uso ule kwamba amefanya jambo, akarudi nyuma hatua moja. Mama yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono wenye povu la sabuni.

"Karibu, Mwalimu," Mak Su alisema hatimaye. "Usisimame mlangoni. Nida, mtandikie Mwalimu mkeka."

Walikaa. Mak Su akamenya chungwa moja, akaligawa, akampa Mwalimu nusu. Ndipo akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, "Ule mchezo wenu wa kugonga. Nani anagonga sasa?"

"Tumeuacha, Dada."

"Mmeuacha kwa nini?"

"Watoto wana huzuni. Nami pia. Nitawatafutia kazi nyingine."

"Mwalimu, mimi nimegongewa ukuta mwezi mzima. Nimegombana na mwanangu kwa ajili ya mchezo huo, nikamwambia siku ikifika nitakuja kuona hayo makelele yana faida gani." Alifuta vidole kwenye sarong yake, kimoja kimoja. "Msinifanye nikawa nimefoka bure."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Alipokinyanyua, alinitazama mimi. Nami nikasema tutaucheza. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na nilimaanisha.

Nafasi ya mgonga mlango alipewa Tarmizi. Aliikataa mara mbili, halafu akaichukua akiwa ameangalia chini. Rokiah alikuwa amezikariri sentensi zake zote, mimi zangu, na kwa siku moja mbili niliamini kwamba kazi imekwisha. Lakini kila Tarmizi alipogonga, mimi nilifungua. Si mwishoni; pale pale, kwa pigo la kwanza la kidole. Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

"Nida, utaniua na presha," Rokiah alisema. "Sijakukataza, ushafungua. Sasa nikukataze nini, kufunga?"

"Mimi hata sijaondoa mkono!" Tarmizi alilalamika kutoka nyuma ya kabati. "Siku nyingine nitagongea pua yako."

Wenzetu walicheka, nami nilicheka, tukarudia, nikafungua tena. Tulirudia mpaka kengele ikalia. Mwalimu aliwaacha wengine watoke, akanizuia kwa mkono.

"Ukifungua haraka hivyo, unataka kumwona nani?"

Nilianza kuufunga mlango wa kabati.

"Nisikilize. Aliyeandika tamthilia hii hakuweka mtu nyuma ya mlango. Aliweka mlango. Mimi siwezi kukuwekea mtu, Nida, na ningeweza ningemweka. Kazi ya Binti si kufungua. Kufungua ni jambo la nukta moja. Kazi yake ni kukaa pale, mbele ya watu wote, bila kujua, wala asikimbie. Ukishindwa hapo hatuna tamthilia. Tuna msichana aliyefungua mlango."

"Nitaweza," nilisema.

"Najua. Ila haitoshi kuniahidi mimi."

Nilimweleza Mak Su. Sikumweleza mama yangu, wala rafiki yeyote. Nilipita chini ya kamba ya nguo nikamkuta akikaanga nazi ya kuchanganyia wali, nikamwambia kwamba mlango ukigongwa siwezi kungoja, na kwamba nisipoweza mchezo utavunjika. Aliendelea kugeuza nazi mpaka ilipopata rangi. Kisha akaepua, akanawa mikono, akaniambia nimfuate.

Aliniingiza chumbani kwa Zulaini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Aliniambia nikae, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, na kwa muda sikusikia kitu ila kuku chini ya sakafu.

Kisha akagonga. Ulikuwa ugongaji wa mwanawe, ule wa mwisho, wa kuomba radhi. Alikuwa ameusikia kupitia ukutani mpaka ukamwingia mkononi.

Nilinyanyuka. Nilifika mlangoni. Kitasa kilikuwa kwenye kiganja changu.

"Bado?" Mak Su aliuliza kwa nje.

"Bado, Mak Su."

Akagonga tena. Nilibana meno. Nilijua ni yeye, na nilijua kabisa ningependa awe nani, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja kifuani mwangu, kimoja hakikukifukuza kingine.

"Na sasa?"

"Bado."

"Mbona unalia?"

"Mak Su mwenyewe je?"

"Mimi niko nje. Wa nje anaruhusiwa." Akavuta kamasi, nikamsikia akicheka kidogo. "Haya, tulia. Narudia tangu mwanzo. Na wewe usikisogelee kitasa, kaa kitandani kama mtu aliye kwao."

Tulirudia mpaka ile nazi ikapoa. Kila mara nilingoja kidogo zaidi. Sikuacha kutamani, nilijifunza tu kukaa na tamaa ile bila kuipa mkono wangu. Nilipofungua mara ya mwisho alikuwa amesimama na leso yake begani, uso umelowa, na alinitazama kwa jicho la fundi.

"Hivyo," alisema. "Sasa njoo unisaidie kuchanganya wali."

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Watoto wa kidato cha kwanza na cha pili walikaa sakafuni mpaka miguuni pa jukwaa, wakirushiana maganda ya kuaci, zile mbegu za tikiti za kutafuna. Mafundi wa shule walikuwa wametusimamishia mlango halisi, mlango wa zamani wa bweni, katika fremu ya mbao. Mak Su alikuja mapema, amevaa baju kurung ya kijani, gauni letu refu la heshima, Amalin mdogo kamshika mkono. Tarmizi alikwenda kumwamkia. Aliinama akaubusu mkono wake kama tunavyofanya kwa wakubwa, halafu akashindwa kuinuka.

"Mak Su, siku ile nilim…"

"Nimesikia. Rokiah aliniambia." Hakuuachia mkono wake. "Uliigiza vizuri?"

"Watu walicheka."

"Basi alikuwa darasani kwenu mpaka mwisho. Huo si ubaya." Akakikunja kidole cha Tarmizi kwa vidole vyake, akakigongesha kwenye kiti cha mbele yake. "Sasa sikiliza. Rokiah anasema unagonga kama unafukuza mbwa. Hivi. Pole. Nyamaza. Tena. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Tukaanza. Rokiah alikuwa na sauti ya kutosha kumbi mbili. Redio ilitangaza habari za mfungwa, mafundi wakatikisa bati kuwa ngurumo, watoto wakapiga kelele za furaha. Kisha mlango ukagongwa.

Kelele zote zikakatika. Tarmizi alikuwa ameupata. Nilikuwa dirishani, nimeupa mlango mgongo, na mkono wangu ulibaki ulipokuwa. Niliugeuza uso wangu taratibu kuelekea ukumbini ili wanione. Rokiah alinikataza kwa Kiingereza chake chote. Nilimjibu sentensi zangu, kila moja mahali pake. Mlango ukagongwa tena. Taa ikazimwa, ikabaki ile moja ya pembeni, na kwa nje sauti ikaomba, kwa Kiingereza, ifunguliwe.

Mtoto mmoja sakafuni hakuvumilia. "Usifungue, Dada!" alipiga kelele, kwa lahaja yetu. "Ni yule muuaji!"

"Usifungue!" wenzake wakadakia. "Dada, usifungue! Kimbia! Chukua kisu jikoni!"

Nilikwenda hadi mlangoni nikasimama. Ukumbi mzima ulikuwa unanikataza, Rokiah ananivuta mkono, na nje kukawa kimya. Niliuacha ukimya ule ukae. Sikuwa na haraka. Ningeweza kusimama pale mpaka magharibi. Sikujua ni nani yuko nje, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile kutojua huko hakukuniangusha. Kulinishikilia, kama sakafu.

Ndipo, chini ya kelele za watoto, kutoka safu ya mbele, nikasikia sauti ya mtu mzima, isiyopazwa, ya mtu anayeongea na mtoto wake aliye chumba cha pili.

"Mfungulie, mwanangu. Anapata baridi."

Nikafungua.

Alikuwa Tarmizi, bila shaka. Alikuwa amesimama kwenye giza la nyuma ya jukwaa na mkono bado umeinuliwa, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Watazamaji hawakuweza kumwona; mlango ulifungukia upande wao. Waliniona mimi tu. Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua kwamba pazia lilipoanguka watoto walianza kugombana wao kwa wao, kaka, hapana, mfungwa, kaka, we huoni alivyomwangalia?

Mwalimu Parameswari alirudi Taiping miaka mitatu baadaye. Tarmizi ana karakana ya pikipiki karibu na kivuko. Tamthilia ile imeondolewa vitabuni. Amalin yuko kidato cha nne mwaka huu, na darasa lao linasoma nyingine, ya kuchekesha, yenye watu wengi na harusi mwishoni. Huja kwangu kila Jumamosi asubuhi, tunaisoma kwa sauti, yeye anasoma nafasi yake na mimi nasoma zote zilizobaki.